Dawa ya Deni

Mto Tana huzaliwa kwenye baridi. Maji yake hutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, yakateremka kilomita 1,000 hivi, yakazungusha mitambo ya umeme Masinga na Kiambere, yakapita Garissa na Hola, ndipo yakafika Garsen yakiwa mazito kwa udongo wa bara. Hapo nchi ni tambarare, na mto huacha kushika njia moja. Hutandaa mbugani, hujaza maziwa na vidimbwi, huingia mashambani bila hodi, kisha hujikokota hadi Kipini kuonana na bahari.

Anayeyafuata maji hayo kutoka juu hadi chini huvuka mpaka usio na kibao wala kizuizi cha polisi. Huko juu, katika jamii ambazo mababu zao walikaa kwenye baridi, watu waliobeba jeni ya selimundu hawafiki mmoja kwa mia. Huku mwambaoni, kama ilivyo kando ya Ziwa Victoria, zipo jamii zenye wabebaji zaidi ya 20 kwa mia. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni joto, na pamoja na joto, mbu. Kimelea cha malaria kali hakikomai ndani ya mbu mahali penye baridi. Chini ya nyuzijoto 18 hivi, safari yake hukatika.

Hapa kwetu, kwenye delta ya Tana, joto halikosekani. Mafuriko yakishuka, Mpokomo hushuka nayo, akapanda mpunga na mahindi kwenye tope lililoachwa. Kiangazi kikikaza nyikani, Waorma na Wawardei huteremsha ng'ombe wao kwenye majani yasiyokauka. Mwenye mtumbwi hupata kambare. Neema ile ile iliyowaleta watu ndiyo iliyomlea mbu, na kwa karne nyingi aliyetaka kula matunda ya mto ilimbidi kwanza apone utotoni.

Habari ya selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita ugonjwa huu, ni habari ya namna watu walivyopona utotoni, na ya nani aliyelipia kupona huko.

*

Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, hujengwa kwa minyororo ya asidi amino. Mmoja wa minyororo hiyo, uitwao beta, una asidi amino 146, na maagizo ya kuujenga yamo kwenye kromosomu ya 11. Katika maagizo ya mwenye selimundu herufi moja imebadilika: palipokuwa na A pana T. Kwa sababu ya herufi hiyo, mahali pa 6 kwenye mnyororo huingia valini badala ya asidi ya glutamiki. Himoglobini ikishaachilia oksijeni yake, valini hiyo hunata na himoglobini ya pili, na ya pili na ya tatu, hadi zifanye nyuzi ngumu zinazoinyoosha chembe na kuipinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopindika huishi siku 10 hadi 20. Zikivunjika, mtoto hupungukiwa na damu na macho yake huwa ya manjano. Zikikwama kwenye mishipa myembamba, sehemu iliyo mbele yake hukosa hewa, na hapo ndipo hutoka yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto wa miaka mitatu alie usiku kucha bila kuweza kuonyesha mahali panapouma.

Mtu hupata nakala mbili za jeni hii, moja kwa mama na moja kwa baba. Aliyerithi nakala mbili zilizobadilika ni mgonjwa. Aliyerithi moja ni mbebaji: analima, anacheza mpira, anazeeka, na huenda akazikwa bila kujua alichokibeba.

Mwaka 2018 watafiti Daniel Shriner na Charles Rotimi walilinganisha jenomu za watu wa sehemu mbalimbali, wakafikia kwamba badiliko hilo lilitokea mara moja tu, kwa mtu mmoja, miaka 7,300 hivi iliyopita. Hesabu yao ikishika, kila mbebaji aliyepo leo, awe Garsen, Kinshasa au Muscat, ana nyanya au babu mmoja na mwenzake. Swali ni kwa nini herufi inayoua watoto isife pamoja nao. Watoto wenye nakala mbili walikuwa wakifa kabla ya kuzaa. Kwa mantiki ya kawaida jeni hiyo ingepungua kizazi hata kizazi, kisha ipotee. Haikupotea. Mahali pengine iliongezeka.

Jibu lilipatikana Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alijiunga na msafara wa wanachuo wenzake uliokwenda Mlima Kenya. Wengine walikusanya mimea na wadudu, yeye akakusanya damu za watu, kuanzia nyanda za juu hadi mwambaoni na ziwani. Aliona kile ambacho msafiri wa Tana angekiona kama macho yangeweza kuona jeni: wabebaji ni wengi palipo na malaria nyingi, wachache palipo na malaria chache. Kwa lugha na asili, watu wa pwani na watu wa ziwani ni mbali na mbali. Kilichowaunganisha ni mbu.

Alirudi baadaye kulipima wazo lake, na mwaka 1954 akalichapisha. Miongoni mwa ushahidi wake kulikuwa na jaribio ambalo ni vigumu kulisoma leo bila kusita. Wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi: 15 walikuwa wabebaji wa selimundu, 15 hawakuwa. Katika wasio wabebaji, 14 walionekana na vimelea kwenye damu. Katika wabebaji, ni 2 tu. Leo jaribio la aina hiyo lingepata shida kupita mbele ya kamati ya maadili. Lakini ugunduzi ulisimama, na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, jirani zetu wa kusini, wameuthibitisha kwa njia ya upole zaidi, kwa kuwafuatilia watoto majumbani na hospitalini miaka mingi. Matokeo yao ya mwaka 2005, chini ya Thomas Williams, yalionyesha kwamba kwa mtoto mbebaji hatari ya kupata malaria kali hupungua kwa asilimia 90 hivi. Dawa chache zimewahi kuahidi kinga ya kiasi hicho.

*

Tupige hesabu. Tuchukue kijiji cha mfano ambamo mtu mzima mmoja kati ya watano ni mbebaji, na watu wanaoana bila kujua nani ni nani. Ndoa moja kati ya 25 itawakutanisha wabebaji wawili. Katika ndoa ya namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mgonjwa, nusu wa kuzaa mbebaji, robo wa kuzaa mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Ukizijumlisha ndoa zote za kijiji, katika kila watoto 100 watakaozaliwa, 81 hawatakuwa na jeni, 18 watakuwa wabebaji, na mmoja atakuwa mgonjwa.

Kumi na wanane kwa mmoja. Katika zama ambazo hapakuwa na chandarua chenye dawa wala kwinini, hao 18 ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka miaka mitano ya kwanza. Wakakua, wakafungua mashamba, wakazaa. Yule mmoja hakuvuka. Uhai wao na kifo chake vilitoka kwenye herufi moja, wala haikuwezekana kupata cha kwanza bila kuzaa cha pili. Si adhabu, si laana, wala si hitilafu iliyowapata watu wazembe. Ni bei, ila aliyeilipa hakuwahi kuulizwa.

Naona humo mna deni. Mtoto anayelia usiku mjini Garsen kwa sababu ya selimundu analipia kinga ambayo wengine waliipata, wengi wao waliokufa zamani na wengi walio hai. Kumsaidia tumezoea kukuita huruma. Tunatoa mchango wa harambee, tunamwambia mamake pole, tunajiona tumetenda wema. Lakini mtu akilipa anachodaiwa hapewi sifa ya ukarimu. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuhurumia.

Atatokea mtu aseme: mimi nimepimwa, sina jeni hiyo, deni langu liko wapi? Aangalie waliomzaa. Katika ukoo uliolima kando ya mto wenye malaria kwa karne nyingi, ni vigumu mno kupanda mti wa nasaba hatua chache bila kumkuta mbebaji aliyepona homa iliyomuua ndugu yake. Wale 81 wasio na jeni nao ni wajukuu wa wabebaji. Na aliyefika deltani juzi, mwenye duka, mwalimu, dereva wa lori, naye anakula wali wa mashamba yaliyofunguliwa na mikono iliyolindwa hivyo.

*

Badala ya kulipa, tumezoea kutafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi anayepatikana ni mama.

Ugonjwa wenyewe unasaidia lawama kumwangukia. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa mzima kwa kila jicho. Miezi ya mwanzo analindwa na himoglobini ya tumboni, ile aliyokuja nayo, ambayo haina kasoro hiyo. Karibu na mwezi wa sita himoglobini hiyo inakuwa imepungua na ya kikubwa imeshika nafasi, na hapo ndipo vidole vya mikono na miguu huvimba, macho hubadilika rangi, homa haziishi. Kwa jamaa wanaotazama, mtoto aliyekuwa na afya ameharibika ghafla, na kila kilichoanza ghafla hutafutiwa tukio. Ni nani aliyemtembelea wiki ile? Alipewa uji gani? Mama alipita wapi magharibi? Jicho la jirani, jini la mto, uzembe wa mzazi: kila jibu linaingia vizuri kwenye pengo hilo la miezi sita, kwa sababu jibu la kweli limo ndani ya mwili tangu siku ya mimba na halionekani.

Halafu huja maneno ya wakwe. "Kwetu hakuna ugonjwa huu," husema upande wa mume. "Umekuja nao." Hesabu hailikubali neno hilo hata kidogo. Kwa mtoto kuwa na nakala mbili, lazima baba atoe moja. Hakuna mgonjwa wa selimundu aliyerithi ugonjwa huo kwa mamake peke yake.

Na hata ile jeuri ya "kwetu hakuna" haina ushahidi. Tuchukue ndoa 64 za wabebaji watupu, kila moja ina watoto watatu. Kwa wastani, 27 kati yake hazitapata mgonjwa hata mmoja. Wazazi hao wamebeba kile kile walichobeba jirani zao, ila kura imewapita. Hao ndio watakaokaa kwenye mikeka ya matanga wakisema kwao hakuna. Na katika ndoa hizo hizo 64, moja itapata wagonjwa watatu kwa watatu. Hao wataambiwa wamerogwa. Kila mimba huanza upya. Haikumbuki iliyotangulia wala haina huruma na mama aliyekwisha kuzika. Kuzaa mgonjwa mara ya kwanza hakumkingi wa pili, na kuzaa wazima wanne si ahadi juu ya wa tano.

*

Kuna kishawishi kingine, na hapa deltani kinahitaji tahadhari kuliko mahali pengi: kuuita ugonjwa huu kuwa wa kabila fulani.

Kweli, mgawanyo wake unafuata historia ya makao. Jamii zilizolima kando ya maji zina wabebaji wengi kuliko jamii zilizofuga kwenye nchi kavu. Allison mwenyewe aliona tofauti hiyo kati ya watu wa pwani na Wamaasai. Ni hatua fupi kutoka hapo hadi kusema damu ya hawa ni safi na ya wale ni chafu. Lakini kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Riketa, Kilelengwani, Kipao, katika mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyochochewa na ardhi, maji na siasa. Watu waliozika watoto kwa sababu ya nani ni nani hawapaswi kupewa sababu nyingine ya kuhesabiana damu.

Wala sayansi haiwapi sababu hiyo. Huko Ugiriki, katika mji wa Orchomenos, karibu mtu mmoja kati ya wanne alikutwa kuwa mbebaji. Ni Wazungu, wakulima, na mji wao ulikuwa kando ya ziwa la Kopais, bwawa kubwa la malaria kabla halijakaushwa. Oman nako selimundu ipo, na wachunguzi wa jenomu walipoangalia alama zinazoizunguka jeni hiyo walikuta aina zaidi ya moja, mojawapo ikiwa ile inayopatikana Afrika ya Kati na Mashariki. Ilivuka bahari na majahazi, ndani ya miili ya mabaharia, wake na watumwa. Ikavuka Atlantiki vilevile. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa katika tiba ya Kimagharibi alikuwa Walter Clement Noel, kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno Chicago. James Herrick alichapisha habari zake mwaka 1910. Noel alirudi kwao akafanya kazi yake, akafa mwaka 1916 akiwa na miaka 32.

Marekani ndiko jeni hii ilikogeuzwa kuwa alama ya rangi. Miaka ya 1970 majimbo kadhaa yaliwalazimisha watu weusi kupimwa, na wabebaji, watu wenye afya kabisa, wakanyimwa kazi na bima. Chuo cha jeshi la anga kiliwakataa wabebaji hadi mwaka 1981. Orchomenos nako, baada ya watafiti kuwapima watu kwa nia njema ili wasaidike katika kuchagua wachumba, waliporudi walikuta wabebaji wanaficha hali yao na wachumba wameachana. Kipimo kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jamii iliyoandaliwa kukipokea.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakipendekeza kwamba kila wachumba wa pwani walazimishwe kupimwa kabla ya nikaha au harusi ya kanisani, kama ilivyo katika baadhi ya nchi za Ghuba, nasita. Kujua ni haki ya kila mtu, na wanaooana binamu wana sababu zaidi ya kutaka kujua, kwa kuwa babu mmoja mbebaji anaweza kuwa ameigawa jeni yake pande zote mbili. Mwenye kutaka apimwe, na apate mtu wa kumweleza kwa utulivu robo ni nini na nusu ni nini. Lakini kuanza na wachumba ni kuanza na wale wanaoweza kuumizwa na jibu. Tuanze na wale wanaoweza kuokolewa nalo.

*

Hao ni watoto wachanga. Duniani huzaliwa zaidi ya watoto 300,000 wenye selimundu kila mwaka, robo tatu hivi yao Afrika kusini mwa Sahara, na inakadiriwa kwamba nusu au zaidi ya wale wasiotibiwa barani hufa kabla ya miaka mitano. Wengi hawafi kwa maumivu yale yanayowatisha wazazi. Hufa kwa vitu ambavyo tayari tuna dawa yake. Bandama, kiungo kinachochuja vijidudu kwenye damu, huharibika mapema, na bakteria wa kawaida hupata njia. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba mtoto mwenye selimundu alikuwa katika hatari ya bakteria kuingia kwenye damu mara 26 hivi zaidi ya mwenzake, na aliyeongoza kati ya bakteria hao ni nimokokasi. Penisilini ya kila siku humzuia. Chanjo yake imo katika ratiba ya Kenya tangu 2011. Paludrini hupunguza malaria, ambayo kwa aliye na nakala mbili ni adui mkali. Kinga ni ya mbebaji, mgonjwa hana. Hapo bei inaonekana kwa ukatili wake wote: anayeilipia kinga haipati.

Kisha ipo hidroksiyurea, kidonge kinachouamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya tumboni. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 606 waliotibiwa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria kwa nusu hivi, na vifo vikashuka pia. Dawa hiyo haikuvumbuliwa jana. Ilitumika kwa saratani miaka mingi, na si ya bei ya kutisha.

Bei ya kutisha iko kwingine. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba Marekani, ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni za mgonjwa ili himoglobini ile ile ya tumboni irudi kudumu. Kwa Marekani, bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ni ushindi wa akili ya mwanadamu, na ninaushangilia. Lakini huwezi kuusoma ukiwa Garsen bila kufikiria barabara. Kutoka hapa hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata njia ya Lamu pale Lango la Simba, mama aliyekuwa ng'ambo na mtoto mwenye damu kidogo hakuhitaji mkasi wa kuhariri jeni. Alihitaji mashua na chupa ya damu.

Wala elimu ya jeni haijaisha kutufunza unyenyekevu. Kilifi hiyo hiyo imeonyesha kwamba talasemia ya alfa, badiliko lingine la kawaida pwani, humkinga mtu na malaria kali; selimundu ya nakala moja humkinga pia; lakini mtu akizirithi zote mbili, kinga zile hubatilishana na kubaki karibu na hakuna. Watoto wawili wenye selimundu, ndugu wa tumbo moja, huweza kuugua tofauti kabisa, mmoja akilazwa kila mwezi na mwingine mara moja kwa mwaka, kwa sababu mmoja amebakiza himoglobini nyingi zaidi ya tumboni au amerithi talasemia pia. Asemaye kwamba ugonjwa uko kwenye damu amesema kweli, ila damu ina sauti nyingi, na hospitali ndogo yenye subira huzisikia vizuri kuliko uvumi wa ukoo.

Jambo moja linabadilika chini ya miguu yetu. Katika muongo wa kwanza wa karne hii malaria ilipungua sana Kilifi; wodi za watoto zilizokuwa zikijaa homa zilianza kupumua. Mahali malaria inapopungua, faida ya kubeba jeni hupungua nayo. Jeni yenyewe haiondoki kwa kasi hiyo. Itaendelea kuzaa wagonjwa kwa vizazi vingi baada ya sababu yake kwisha. Wajukuu wetu watalipa bei ya vita ambavyo sisi tuliviona vikimalizika, na watoto watakaougua hawatakuwa wamemkinga mtu yeyote aliye hai. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja kwamba tungoje, tatizo litajiondokea.

*

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo huu umekuwa wa mwenzio kwa muda mrefu mno. Umekuwa wa mama anayekosa siku za kuuza sokoni, wa ndugu anayeacha shule ili ashike zamu wodini, wa baba anayeona aibu ya kupimwa. Kuugawa hakuhitaji uvumbuzi mpya. Uganda ilitumia matone ya damu yaliyokwisha kukusanywa kwa ajili ya kupima virusi vya ukimwi vya watoto wachanga, karibu sampuli 98,000, ikajua wilaya kwa wilaya mahali wabebaji walipo. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Vipo vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa tone la kisigino ndani ya dakika chache, bila maabara kubwa, mtoto akiletwa kwa chanjo.

Yanayobaki ni ya hesabu, na hesabu za kaunti hufanywa hadharani. Mkazi wa Garsen, Mpokomo au Morma, mwenye jeni au asiye nayo, ana haki ya kusimama kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti na kuuliza: vipimo vya watoto wachanga vimetengewa shilingi ngapi mwaka huu? Penisilini na hidroksiyurea zipo kwenye zahanati, au mpaka Malindi? Damu ya kuongezea watoto hutoka wapi, na gari la kuileta hupita wapi mto ukifurika? Maswali hayo tusiwaachie wazazi wa wagonjwa peke yao. Wao ndio wasioweza kuja kuyauliza, kwa kuwa siku ya kikao huenda wamelala hospitalini.